Kabla hujalipia jina, angalia diski na RAM

Watu hubishana MacBook au laptopu ya bei nafuu, kumbe mara nyingi kinachoudhi ni diski. Mashine nyingi mpya za bei ya chini kabisa huja na eMMC (diski ndogo iliyogandishwa kwenye bodi) ya GB 64, na Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64. Likija sasisho kubwa, nafasi hakuna. Mimi ningeiacha hapo hapo ilipo.

Afadhali laptopu ya kikazi iliyotumika ofisini, kama ThinkPad ya Lenovo au Latitude ya Dell. Fungua skrubu za chini: nyingi utakuta SSD (diski ya kasi) ya kubadilisha na RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya kuchomoa. Weka RAM ya GB 16, inatosha kwa kuandika, mahesabu na kivinjari chenye vichupo ishirini (tunajuana). Ila kagua prosesa, yaani ubongo wa mashine, kwanza. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Ya ghali nayo ina haki yake. MacBook Air, tangu ile ya M1 ya 2020, haina feni kabisa na chaji yake inakaa. Lakini RAM huwezi kuiongeza baadaye, kwa hiyo ya kutosha ichukue siku ile ile unayonunua.