Eneo la kuchapisha linalojirefusha lenyewe katika Excel

Karani wa chama cha msingi huko Tandahimba, ambaye wakati wa msimu wa korosho huongeza majina ya wakulima kila siku, hapaswi kupanga upya eneo la kuchapisha kila jioni, kwa maana siku atakayosahau ndiyo siku ambayo mkulima wa mwisho atakosekana kwenye karatasi ya malipo, na hilo si jambo dogo.

Tuseme shiti inaitwa Korosho, vichwa vya safu viko mstari wa 1, na taarifa zinaanzia safu A hadi F. Kwanza malizia mpangilio wa ukurasa: ukubwa wa karatasi, pambizo na mwelekeo. Kisha chagua seli chache, uziweke kuwa eneo la kuchapisha kupitia menyu ya Page Layout, ubonyeze Ctrl na F3. Katika orodha itakayofunguka chagua jina Print_Area, na kwenye kisanduku cha chini andika:

=Korosho!$A$1:INDEX(Korosho!$F:$F,COUNTA(Korosho!$A:$A))

COUNTA huhesabu seli zilizojazwa katika safu A; kwa hiyo seli moja ikiachwa tupu katikati, mstari wa mwisho hautachapishwa. Jaza namba ya mkulima katika kila mstari.

Ukibadilisha mpangilio wa ukurasa baadaye, Excel inaweza kuigeuza fomula kuwa anwani isiyobadilika. Ndiyo sababu nasisitiza mpangilio utangulie; ikitokea, ibandike fomula upya.