Kupiga Kambi Kando ya Bahari: Uliza Kwanza Maji Yanajaa Saa Ngapi

Kabla hujauliza kama kambi ina bafu au umeme, uliza maji yanajaa saa ngapi. Ndilo swali langu la kwanza kila ninapokwenda kulala hemani karibu na bahari, na jibu lake ndilo linaloniamulia mengine yote: nisimike hema wapi, nitembee lini, niogelee lini.

Pwani nyingi duniani, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 watu huzisahau. Leo yakijaa saa saba mchana, kesho yatakaribia saa nane, na siku zinavyokwenda yanazidi kuchelewa. Njia ya mchangani uliyoipita kwa raha siku ya kwanza, siku ya nne kwa saa ile ile unaweza kuikuta imezama. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda juu zaidi na kushuka chini zaidi. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na tofauti hupungua. Tofauti yenyewe hutegemea ulipo. Sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania haifiki nusu mita. Ghuba ya Fundy huko Kanada hufika mita 16. Kwa hiyo usibebe mazoea ya ufuko mmoja kwenda nayo ufuko mwingine. Tafuta jedwali la maji la mahali hapo hasa, au muulize mvuvi.

Ukifika, usikimbilie kufungua mzigo. Tembea ufukoni utazame mstari wa mwani, vijiti na makombe. Mara nyingi utaona miwili: mmoja mbichi ulioachwa na maji ya mwisho, na mwingine mkavu, juu zaidi, karibu na majani yanapoanza. Huo wa juu ndio wa kuuheshimu, maana uliachwa na bamvua au dhoruba. Mimi husimika hema nyuma yake kabisa, lakini si juu ya matuta yenye majani, kwa sababu mizizi ya majani hayo ndiyo inayoushika mchanga usipeperuke, na yakikanyagwa huchukua muda mrefu kurudi. Tazama juu pia. Tawi kavu juu ya hema halifai hata kama kivuli chake kinavutia.

Upepo nao una desturi yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya baharini huingia kujaza nafasi. Alasiri ndipo unapovuma kwa nguvu. Usiku mambo hugeuka na upepo hutoka bara kwenda baharini, isipokuwa kama kuna upepo mkuu wa msimu unaoufunika. Ukiielekeza sehemu nyembamba ya hema kwenye upepo wa alasiri na mlango upande uliokingwa, utalala bila turubai kupigapiga. Jiko nalo usilipange kwa upepo wa mchana peke yake, maana moshi unaweza kugeuka usiku na kuingia hemani. Kuna muda mfupi machweo ambapo upepo hukatika kabisa. Usubi hawawezi kuruka kwenye upepo, kwa hiyo muda huo ndio wao. Vaa mikono mirefu mapema na ufunge neti kabla hawajaingia.

Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havina kazi mchangani. Jaza mchanga kwenye mfuko wa nguo, funga kamba katikati yake, chimba kiasi cha nusu mita, uuzike, kisha ushindilie mchanga juu. Gongo lililolazwa ndani ya shimo hufanya kazi hiyo hiyo. Kamba nayo ivutwe mbali na hema kwa mwinamo, isiwe wima. Mchanga ukiwa mkavu, umwagie maji ya bahari kabla ya kushindilia, utashikana vizuri zaidi.

Sasa matembezi, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kwenda. Anza maji yakiwa yanapwa, si yakiwa yameshapwa. Ukianza saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, utakwenda kwenye mchanga mgumu wenye unyevu usiochosha miguu, na utakuwa umegeuza kurudi kabla bahari haijaanza kupanda kwa kasi. Mabaharia wana hesabu ya kukadiria kasi hiyo. Gawa kina chote kitakachoongezeka katika mafungu 12. Saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Mahali penye tofauti ya mita 3, hiyo ni mita moja na nusu ndani ya saa mbili, na mtu aliyekuwa anatazama maji yakipanda polepole saa ya kwanza hudanganyika kirahisi.

Hatari kubwa iko kwenye rasi. Unaizunguka kwa mguu maji yakiwa chini, unakuta ghuba ndogo nzuri isiyo na mtu, na nyuma yako maji yanaifikia miamba kabla hayajaijaza ghuba. Kabla sijazunguka rasi yoyote natafuta njia ya kupanda kutoka upande wa pili; nisipoiona, sizunguki. Usipumzike chini ya genge, hasa baada ya mvua, na ukipita juu yake kaa mbali na ukingo, kwani huenda chini umeliwa na mawimbi usione. Mwamba wenye rangi ya kijani unateleza, vaa viatu vyenye kukaza. Kwenye vidimbwi vya miambani, jiwe ulilolifunua lirudishe kama lilivyokuwa, polepole. Viumbe walio chini yake hufa wakiachwa juani. Na mwambie mtu kambini unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi.

Kwa kuogelea, simama kwanza utazame. Ukanda wa maji yaliyotulia na yenye weusi kati ya mawimbi yanayovunjika, mara nyingi ni mkondo unaovuta kwenda nje. Ukikukamata usishindane nao. Elea, omba msaada, na ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu.

Kambi tulivu hubaki tulivu kwa sababu ya wanaolala pale. Usiku hewa ya chini ikipoa, sauti husafiri mbali kuliko mchana; maneno unayodhani yanaishia hemani mwako yanasikika hema la tatu. Toa mswaki na taulo nje ya begi kabla ya kulala, zipu moja ya alfajiri inatosha. Tochi ielekeze chini. Palipo na kasa wanaotaga, zima kabisa taa zinazoonekana ufukoni: makinda yao hufuata mwangaza wa upeo wa bahari ili kuyapata maji, na taa zetu huwapoteza kwenda bara.

Moto uwashe panaporuhusiwa tu, na uuzime kwa maji. Makaa yaliyofukiwa mchangani hubaki ya moto kwa saa nyingi bila kuonekana, na mtoto wa watu atakanyaga hapo asubuhi. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika chache, hata kukiwa na baridi: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Siku ya kuondoka, acha hema likauke kwanza ndipo ulikung'ute, mchanga mbichi hautoki. Ukifika nyumbani, osha nguzo na zipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hema lisilosuuzwa halikauki barabara hata likianikwa, na zipu ndizo zinazoharibika mwanzo. Lianike kivulini mpaka mishono yake iwe mikavu kabisa, ndipo ulikunje.