Namna ya kuchagua manukato ya ibada

Kabla hujawasha makaa, amua harufu inakwenda kwa nani. Inayoelekezwa juu, hufukizwa. Inayotakiwa ibaki na mtu, hupakwa. Zaburi ya 141 inataka sala ipae kama uvumba, na ndiyo maana kwa dua mimi hushika ubani. Krisma ya Wakatoliki, yaani mafuta yaliyotiwa zeri na kubarikiwa na askofu, hupakwa kwenye paji la uso la anayepewa kipaimara, kwa sababu huyo anatiwa muhuri.

Ukishachagua, itenge. Kitabu cha Kutoka sura ya 30 kinataja manukato manne, natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi, vyote kwa kipimo kimoja, kisha kinamkataza mtu kujitengenezea mchanganyiko huo kwa starehe yake. Nasi tufanye hivyo hivyo: harufu ya sala usiende nayo kazini wala sherehani. Pua husahau upesi maana ya kitu inachokutana nacho kila saa. Wamisri wa kale waligawa hata nyakati. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anaeleza kwamba walifukiza utomvu asubuhi, manemane adhuhuri, na kyphi, mchanganyiko wao wa manukato, jua linapotua.

Sasa moto, maana hapa ndipo wengi huharibu udi wa thamani. Subiri kaa livikwe jivu jeupe lote. Lifukie kwenye chetezo kilichojaa jivu, liache juu upenyo mdogo tu. Wajapani katika kodo, sanaa yao ya kufurahia harufu ya udi, huweka hapo kibao chembamba cha maika, madini yanayostahimili moto, kisha kipande cha udi kidogo kuliko ukucha, kikapata joto bila kuungua. Kinachotoka ni harufu, moshi hauonekani. Huna maika? Tandaza jivu zaidi. Ukisikia uchungu wa kuni iliyoungua, kaa bado ni kali. Ondoa udi, ngoja.

Manemane nayapenda, ila simpelekei mgonjwa. Ni kweli Mamajusi walimletea mtoto Yesu, lakini Nikodemo naye aliyaleta pamoja na udi kwenye maziko ya Yesu, na mgonjwa anayeijua Injili huenda akakumbuka hilo la pili.

Kwa Waislamu, kuoga na kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna. Ila aliyekwisha kuhirimia, yaani kuingia katika ihramu, hali takatifu ya hija au umra, haruhusiwi kujitia manukato mpaka atoke kwenye ihramu. Mgeni wa namna hiyo akikutembelea, chetezo kiweke kando, na marashi usimnyunyizie hata kwa heshima.