Somo: Kuvuka ukomo wa hedhi ukiwa na afya, hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mitishamba gani inaondoa lile joto la ghafla?" Wengi huanzia hapo. Mimi somo nimelipanga kinyume, mitishamba nimeiweka hatua ya mwisho, na sababu mtaiona tukifika huko.

Kwanza tuelewane tunachozungumzia. Mwanamke anahesabika amefika ukomo wa hedhi akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55, wavutaji sigara mara nyingi mwaka mmoja au miwili mapema. Lakini usumbufu huanza miaka kadhaa kabla, hedhi inapoyumba: mara inawahi, mara inapitiliza, mara inamwagika kama bomba. Katika kipindi hicho estrojeni, homoni kuu ya kike, haishuki polepole kwa utaratibu. Inapanda, inaporomoka, inapanda tena. Ndiyo maana wiki hii uko mzima kabisa na wiki ijayo hulali.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Kwa wiki 4 andika kila jioni: umeona damu au la, joto limekupanda mara ngapi, usiku umeamka mara ngapi, umekunywa nini, hasira au huzuni ilikuwaje. Mistari miwili inatosha. Kahawa, pombe na pilipili huwachochea baadhi ya wanawake, wengine haziwafanyi kitu. Kama daftari lako haliioni kahawa, endelea kuinywa asubuhi kwa raha zako.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kusingizia umri

Si kila kinachompata mwanamke wa miaka 48 ni ukomo wa hedhi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, jasho na moyo kwenda mbio. Upungufu wa damu huleta uchovu na kizunguzungu. Jasho la usiku pamoja na kikohozi, homa au kukonda linahitaji kipimo cha kifua kikuu haraka. Kwa hiyo pima presha, sukari, lehemu (kolesteroli), wingi wa damu na, daktari akiona inafaa, tezi. Presha na lehemu ni za lazima, maana estrojeni ikipungua hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka, na presha haina dalili.

Vipimo vya homoni je? Ukiwa umeshapita miaka 45 na dalili zinajieleza, kwa kawaida huvihitaji. Homoni inayopanda na kushuka kila wiki itakupa jibu la siku hiyo tu. Chini ya miaka 45 mambo ni tofauti, tutaona kwenye maswali.

Hatua ya 3: Jenga misuli, linda mifupa

Hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako nyingi, hata kama hutafanya lingine lolote. Mfupa haujatulia kama jiwe. Kila siku kuna chembe zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga. Estrojeni ilikuwa inazuia wabomoaji wasizidi. Ikiondoka, wanazidi, na upotevu huo ni wa kasi zaidi miaka michache inayozunguka hedhi ya mwisho. Mfupa unaopungua hauumi. Wengi hujua siku wanapojikwaa na kifundo cha mkono au nyonga inavunjika.

Mfupa hujengeka ukibebeshwa mzigo. Kuogelea na kuendesha baiskeli ni kuzuri kwa moyo, ila mifupa haipati uzito wa kutosha. Unahitaji mambo mawili. La kwanza ni kutembea kwa mwendo wa kukazana, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, angalau dakika 150 kwa wiki. Zigawe upendavyo. La pili ni mazoezi ya nguvu, siku 2 au zaidi kwa wiki, na haya nyumbani yanawezekana:

- Kaa kwenye kiti imara, simama bila kutumia mikono, kaa tena. Mara 10, pumzika, rudia mizunguko 3.
- Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jishushe kuuelekea kisha jisukume. Mara 10, mizunguko 3.
- Panda juu ya vidole vya miguu, shuka polepole. Mara 15.
- Simama kwa mguu mmoja sekunde 30 ukiwa karibu na kiti cha kujishikilia, badilisha. Hili ni la kuzuia kuanguka.

Yakiwa mepesi, shika chupa za maji mkononi, kisha mizigo mizito zaidi. Zoezi lililokuwa gumu mwezi wa kwanza likibaki hivyo hivyo mwaka mzima, mwili unalizoea na haujengeki tena. Mwenye mifupa iliyokwisha kugundulika ni dhaifu, au aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, aonane kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na asiiname mbele na mzigo.

Niseme ukweli: mazoezi hayajathibitika kupunguza idadi ya joto la ghafla. Yanasaidia usingizi, hali ya moyo, kiuno, sukari na mifupa. Ukiyaanza kwa kutafuta kuondoa joto peke yake, utayaacha baada ya mwezi, na itakuwa hasara.

Hatua ya 4: Joto la ghafla na usingizi

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hiyo inapoteza uvumilivu: badiliko dogo ambalo zamani isingelijali sasa inaliona ni dharura. Inatanua mishipa ya ngozi, inamwaga jasho, moyo unadunda, halafu ghafla unahisi baridi. Joto hilo hudumu dakika chache. Lenyewe halina madhara, ila likija usiku mara tano, asubuhi unaamka umechoka hoi.

Vaa nguo nyepesi za pamba za kuvua moja moja. Lala chumba chenye hewa, shuka jepesi, maji ya baridi kando. Kahawa na chai nzito mwisho mchana, kwa sababu kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Pombe humlaza mtu haraka kisha humwamsha saa nane. Lala na amka saa zilezile hata siku ya mapumziko. Hizi ni mbinu za kupunguza adha, si tiba.

Kuna njia isiyo ya dawa ambayo imepimwa na ikaonekana kusaidia kweli: tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubadili fikra na namna anavyolipokea tukio. Anayejiambia "kila mtu ananitazama, nimeaibika" huteseka zaidi ya anayejiambia "limekuja, litapita". Inasaidia pia kukosa usingizi. Kwa wenye uzito mkubwa, kupungua kidogo nako huleta nafuu.

Hatua ya 5: Chakula

Hapa sina mengi. Kalsiamu, lengo ni kama miligramu 1,200 kwa siku baada ya miaka 50. Glasi ya maziwa ina takribani 300. Mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani hujaza nafasi iliyobaki. Vitamini D hutoka kwenye jua, na wasiolipata ngozini huhitaji vidonge kwa ushauri. Ongeza kunde, mayai, samaki, kwani misuli haijengwi kwa wanga. Chumvi na sukari punguza. Mafuta ya mwili sasa yanahamia tumboni hata kama mizani haijasogea, kwa hiyo pima kiuno pia.

Hatua ya 6: Ukavu na mkojo

Tunaona haya kulisema, basi nitalisema mimi. Joto la ghafla kwa wengi hupungua na miaka. Ukavu wa ukeni hauondoki wenyewe, kwa kawaida huzidi. Ngozi ya huko hukonda, tendo la ndoa linauma, maambukizi ya njia ya mkojo (U.T.I.) yanajirudia. Acha sabuni zenye manukato na kujisafisha kwa ndani. Tumia kilainishi cha maji wakati wa tendo. Ukitumia kondomu za mpira, epuka mafuta, kwa sababu huzipasua. Ikiwa haitoshi, ipo estrojeni ya kuweka ukeni, kiasi kidogo sana, inayofanya kazi palepale. Kufukiza, ndimu, majani au unga wowote wa kuweka huko: usithubutu, unaunguza ngozi ambayo tayari ni nyepesi.

Mkojo ukikutoka ukikohoa au ukicheka, kaza misuli ile unayotumia kuzuia hewa ya tumboni na mkojo. Kaza kwa sekunde 5, legeza 5, mara 10, mara tatu kwa siku. Usibane tumbo wala pumzi. Toa miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 7: Sasa mitishamba

Kumbukeni kwamba homoni zinapanda na kushuka zenyewe. Mtu hununua dawa wiki aliyoteseka sana, na baada ya wiki ngumu mara nyingi hufuata wiki nyepesi. Dawa inapewa sifa. Ndiyo maana katika tafiti hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa huripoti joto kupungua, na mitishamba mingi, ikilinganishwa na vidonge hivyo, haioneshi tofauti ya maana.

Soya ina kemikali zinazofanana kidogo na estrojeni. Majibu ya tafiti yanapingana, ila kama chakula ni salama na ina protini nzuri, kula. Mbegu za kitani hali kadhalika, na zinasaidia choo. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake. Mmea wa Actaea racemosa, unaopatikana kwenye vidonge vingi vya "afya ya mwanamke", umehusishwa na kuumia kwa ini. Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hudhoofisha dawa nyingi: za uzazi wa mpango, za kuzuia damu kuganda, za virusi vya UKIMWI. Na mchanganyiko usioandikwa ndani yake mna nini, hata ukisifiwa vipi, mimi siushauri.

Ukiamua kujaribu kitu, jaribu kimoja tu, kwa wiki 8, huku daftari likiendelea. Vitatu kwa pamoja hutajua kilichokusaidia wala kilichokudhuru.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mama. Nina miaka 38, miezi mitano sijaona siku zangu, mimba hakuna, joto napata. Nianze na soya?

Marahaba mwanangu. Soya kula, ila nenda hospitali wiki hii. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40 haihesabiki ni ukomo wa kawaida. Utapimwa damu na kipimo kitarudiwa baada ya wiki kadhaa. Ikithibitika, mara nyingi hushauriwa kutumia homoni hadi karibu umri wa miaka 50, kwa sababu mifupa na moyo wako vingekaa bila kinga miaka mingi mno.

Asante kwa somo. Mimi nilikauka miaka mitatu iliyopita, juzi nimeona matone ya damu. Shoga yangu anasema ujana umerudi.

Mwambie shoga yako haurudi. Damu yoyote baada ya ukomo, hata tone, inachunguzwa. Mara nyingi chanzo ni ukavu au kinyama kidogo, lakini inaweza kuwa saratani ya kizazi, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Usisubiri itoke tena.

Mimi ni mwanaume. Mke wangu ana miaka 50, amekuwa mkali, na amehama kitanda. Ndiyo basi tena?

Ndugu yangu, umemuuliza? Huenda amehama kwa sababu analoa jasho usiku na hataki kukuamsha. Huenda tendo linamuuma na anaona aibu kusema. Anza na hilo la maumivu, uliza kwa upole, mchana, si kitandani. Na akiwa na huzuni isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke, hiyo ina tiba yake.

Dada, hospitali wamenishauri homoni. Si zinaleta saratani?

Hofu hiyo ilienea mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa. Waliotumia estrojeni na projestini (homoni nyingine ya kike, ya kutengenezwa) pamoja, saratani ya matiti iliongezeka kutoka wanawake 30 hadi 38 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Leo inaeleweka kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu ukomo, na hana vizuizi, faida mara nyingi huzidi hatari. Vizuizi ni kama kuwahi kuugua saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au ini. Na hakuna kinachozidi homoni kwa joto la ghafla. Kukubali si kushindwa, mazoezi yanaendelea vilevile.

Nina miaka 47, miezi saba hakuna hedhi. Naweza kutoa kitanzi?

Bado. Yai linaweza kutoka bila taarifa. Aliye chini ya miaka 50 anakaa na kinga miaka 2 tangu hedhi ya mwisho, aliyepita 50 mwaka 1. Ila kama kitanzi chako ni kile chenye homoni, chenyewe kinaweza kukata hedhi, kwa hiyo hesabu ya miezi haikusaidii. Muulize aliyekuwekea, akuangalizie pia tarehe yake ya kuisha.