Dumuzi au fukusi? Mjue mdudu ndo uende duka la pembejeo

Wakuu salama, naweka somo hili la wadudu wanaokula mahindi stoo maana huku Mwanza watu wengi wananunua dawa kwa kuambiwa tu, mimi mwenyewe pale Kisesa nilipoteza gunia tatu kwa kumpigia dumuzi dawa ya fukusi, inauma sana.

Hatua ya 1. Chota mahindi chini kabisa ya gunia, sio juu, chekecha kwenye sinia. Unga mwingi kama umetoka mashineni ujue ni dumuzi, fukusi anatoboa vitundu vya duara ila unga wake kidogo.

Hatua ya 2. Washa tochi ya simu umwangalie mdudu, maana wote ni milimita 3 au 4 hivi. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga na mgongoni madoa manne mekundu mekundu. Dumuzi hana mkonga, kichwa kimeinamia chini ukimtazama kwa juu hukioni, na huku nyuma ni kama kakatwa na kisu. Huyu asili yake Amerika ya Kati, kwetu aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anatoboa mpaka mbao, kwa hiyo ukisafisha stoo kagua na nguzo.

Hatua ya 3. Dawa yenye kiambato cha pirimiphos-methyl peke yake inamuua fukusi, dumuzi haimtoshi, yeye anataka na permethrin humo humo, soma pakiti kabla hujalipa na fuata kipimo chake.

Utajuaje mahindi yamekauka? Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa rudisha mahindi juani.

MASWALI

Kaka, mahindi yangu bado yana magunzi, ninyunyize hivyo hivyo?
– Hapana dada, pukuchua kwanza. Kwenye gunzi punje zimeshikana, dumuzi anapata pa kujikita na vumbi la dawa halimfikii.

Mkuu niko Ukerewe, makopa yangu (mihogo mikavu) yamekuwa unga.
– Huyo karibu hakika ni dumuzi, anayapenda makopa kama mahindi. Usiyaweke stoo moja na mahindi, na yasikae muda mrefu, saga mapema.

Mifuko ya PICS (ya kuhifadhia nafaka, ina plastiki mbili ndani) bila dawa inafaa?
– Inafaa mama, wadudu wanakosa hewa humo. Ila mahindi yawe makavu, funga kila plastiki peke yake na usifungue fungue, na ukikuta plastiki ina tundu badilisha siku hiyo hiyo.