Somo: Kurudisha rimu zilizofifia na dashibodi iliyojikunja kwenye gari la zamani

Gari la zamani likitufikia, macho hukimbilia rimu zilizopauka na dashibodi iliyojikunja kingo, na mkono hukimbilia msasa. Naomba mkono usubiri. Kazi hizi mbili huharibika kwa sababu moja: mtu huanza kutibu uso kabla hajajua kilicho chini yake.

Tuanze na rimu. Igusishe sumaku, ikinata, rimu ni ya chuma, na isiponata, kwa kawaida ni aloi ya alumini. Magari machache ya zamani, hasa ya mbio, yalifungwa rimu za magnesi, nazo usizipige msasa nyumbani, kwa kuwa vumbi lake likishika moto huwaka vikali na maji huuchochea moto huo badala ya kuuzima.

Kwa alumini, chukua kitambaa cheupe chenye polishi ya chuma, usugue sehemu ndogo upande wa ndani. Kitambaa kikiwa cheusi mara moja, umegusa alumini tupu. Kikibaki cheupe, kuna klia juu yake, yaani tabaka angavu la kuikinga. Klia hiyo ndiyo chanzo cha kufifia kwingi: jiwe likiichubua, maji na chumvi hupenya na kutambaa chini yake, yakiacha mistari myeupe inayofanana na njia za minyoo. Polishi haiwezi kuifikia mistari hiyo hata ukisugua siku nzima. Klia yote lazima itoke.

Legeza nati gari likiwa bado limekanyaga chini, kisha inua kwa jeki na uliegemeze juu ya stendi. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa hewa. Lilowanishe kwanza, ndipo ulifute. Rimu ioshwe kwa maji ya sabuni, wala si kwa dawa yenye asidi, ambayo huichoma alumini tupu na kuiachia madoa. Tairi likishatolewa, paka dawa ya kutoa rangi ukiwa na glavu na mahali penye hewa ya kutosha. Kisha ufuate msasa wa maji: namba 320 kwenye makovu, halafu 400, 600, 800 hadi 1000, huku ukibadili mwelekeo wa mkono kila unapobadili namba ili mikwaruzo iliyotangulia ijionyeshe. Ukitaka mng'ao wa chuma, malizia kwa polishi. Ukitaka rangi, anza na praima (rangi ya msingi) inayoshika alumini, kisha tabaka nyembamba za rangi ya fedha na klia juu yake. Kabla ya kupaka, ziba kwa tepu mahali rimu inapokutana na haba (kitovu kinachobeba gurudumu) pamoja na vikalio vya nati, yaani mahali nati zinapokaa, maana rangi nene ikibanwa hapo husagika na nati hulegea. Kaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Dashibodi inadai subira zaidi. Nyingi zina ngozi ya vinili juu ya sponji, na sponji hiyo imeshikwa na bamba la chuma au plastiki. Vinili hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu. Jua huyafukuza mafuta hayo mwaka baada ya mwaka, ngozi husinyaa, na kwa kuwa imeshikwa kingoni, huvuta kila kitu au hupasuka.

Ondoa waya wa hasi wa betri, piga picha za nyaya, uziandike alama, ndipo uitoe dashibodi. Ipindue uangalie. Ikiwa bamba ni zima na ngozi tu imeinuka, ipashe taratibu kwa draya ya nywele, ukiipitisha bila kusimama, mpaka ukingo ulegee chini ya kidole. Paka gundi inayostahimili joto, weka kipande cha ubao kilichofungwa kitambaa, bana kwa klampu, uache mpaka kesho yake. Mimi niliwahi kufungua klampu uso ukiwa bado vuguvugu. Ukingo ukainuka mbele ya macho yangu kama jani kavu. Plastiki hushika umbo inapopoa, si inapopashwa.

Penye ufa, kata kingo zilizoinuka, jaza fila (kijazio cha nyufa) inayonyumbulika, piga msasa, kisha upake rangi ya vinili. Fila ngumu ya bodi itapasuka tena jua likiichoma.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, naweza kuiacha alumini bila klia?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, na mimi napendelea hivyo kwa sababu kovu moja haliharibu rimu nzima. Hata hivyo itabidi uipake nta na kuipiga polishi mara kwa mara.

Swali: Rimu yangu imepinda kidogo ukingoni. Je, niipashe kwa moto wa gesi na kuigonga?

Jibu: La hasha. Aloi nyingi za rimu hupata ugumu wake kwa joto lililopimwa kiwandani, na moto wa kubahatisha huulegeza bila dalili ya nje. Mpelekee fundi wa rimu, naye akague kama kuna nyufa.

Swali: Kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta kwa ndani kila ninapoliacha gari juani. Kinahusiana na dashibodi?

Jibu: Mara nyingi ndiyo. Ni yale mafuta ya vinili yanayopanda na kuganda kwenye kioo. Kifute, na gari likisimama juani weka kizuia jua.

Swali: Nilikuwa nikiipaka dashibodi dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Rangi itashika?

Jibu: Haitashika mpaka silikoni yote itoke. Isafishe kwa dawa ya kuondoa nta na silikoni, ukibadili kitambaa kila mpito, kisha ujaribu rangi kwanza kwenye kona isiyoonekana. Ikijitenga na kuacha vijishimo vya duara, rudia kusafisha.