Namna ya kumlea mtoto yatima anayeishi na VVU: mwongozo kwa bibi, shangazi na walezi wengine

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla watu hawajalizoea jina la kitaalamu, wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Miaka iliyofuata ilizika watu wa umri wa kulima na kuzaa, ikaacha vibanjani, yaani katika mashamba ya migomba ya familia, wazee na watoto. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, mazishi yalipungua, lakini malezi hayakupungua, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa na virusi sasa anakua, anakwenda shule na kuuliza maswali. UNICEF inakadiria kwamba duniani kuna watoto takriban milioni 14 waliopoteza mzazi mmoja au wote wawili kwa UKIMWI, wengi wao wakiwa kusini mwa Jangwa la Sahara. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mlezi aliyeletewa mmoja wao, mara nyingi akiwa na begi moja la nguo na chupa ya vidonge ambayo hakuna aliyemweleza ni ya nini.

Karatasi kabla ya matanga kwisha

Ni vigumu kuzungumzia vyeti watu wakiwa bado wamekaa mkekani, lakini ndugu wakishatawanyika karatasi hupotea. Tafuta mambo matatu: kadi ya mtoto ya kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC, cheti chake cha kuzaliwa, na taarifa ya kifo cha mzazi iliyotolewa hospitalini au na ofisi ya kijiji. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na bila cheti cha kifo hakuna mahakama itakayofungua mirathi. Ikiwa mtoto hana cheti cha kuzaliwa na bado hajatimiza miaka mitano, uliza katika kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa sababu RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, imepeleka usajili wa watoto wa umri huo katika ngazi hizo bila malipo.

Kadi ya CTC ina namba ya mtoto, na ukihama naye kutoka Muleba kwenda Mwanza, omba barua ya uhamisho kabla ya kuondoka. Mtoto anayefika kliniki mpya bila barua hupotezewa muda, na vidonge havisubiri.

Wapime na wale wanaoonekana wazima

Mlezi hupokea watoto watatu, mmoja ana kadi na wawili hawana, naye huamini kuwa wawili hao wamesalimika. Wapelekeni wote. Mtoto aliyeambukizwa na mama anaweza kufika miaka kumi akiwa mwembamba tu, mwenye kukohoa mara kwa mara na majipu yasiyokwisha. Kwa mtoto mchanga jambo ni la haraka zaidi, kwani bila matibabu takriban nusu ya watoto waliozaliwa na maambukizi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kipimo cha kawaida cha haraka hakimfai mtoto wa chini ya miezi 18, maana husoma kinga alizorithi kwa mama yake. Yeye huchukuliwa tone la damu kisiginoni kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kuanzia umri wa wiki nne hadi sita.

Dawa

Walezi wa zamani watakumbuka dawa ya maji iliyokuwa chungu kiasi cha kumfanya mtoto aibane midomo na kupiga mateke. Leo watoto wengi hupewa vidonge vyenye dolutegravir vinavyoyeyuka, vyenye ladha ya matunda. Weka kidonge katika kijiko au kikombe kidogo chenye maji safi kidogo, kiasi atakachoelekeza muuguzi, koroga hadi kiyeyuke, mpe mtoto anywe ndani ya nusu saa, kisha suuza kikombe kwa maji machache naye ayanywe pia, kwa kuwa dawa iliyobaki pembeni mwa kikombe ni sehemu ya dozi.

Dozi hufuata uzito na si umri. Mtoto aliyeongezeka kilo tatu bila kupimwa anakunywa dawa ya mtoto mdogo kuliko yeye, na virusi hujifunza kuizoea. Kwa hiyo mpeleke kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, hata kama chupa bado ina vidonge, na uhakikishe amepanda kwenye mizani. Uliza pia majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. Ni haki yako kuyajua, na ndiyo yatakayokuonyesha kama vidonge vinamezwa kweli.

Chagua saa ambayo nyumba yako tayari inaifahamu: taarifa ya habari ya redio, adhana, kengele ya kanisa, au ndizi zinapotiwa jikoni. Kuhusu chakula sitasema mengi. Mtoto ale kile ambacho nyumba inakula na ale cha kutosha; hana haja ya vyakula vya pekee wala unga wa lishe unaouzwa kwa bei ya mbuzi.

Kumwambia

Hapa ndipo walezi wengi hukwama, na hapa ndipo ninapowaomba muwe na ujasiri. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011 linashauri kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule, kati ya miaka 6 na 12, aelezwe hali yake hatua kwa hatua kadiri akili yake inavyopanuka. Walezi huniambia kuwa watasubiri mpaka awe mkubwa. Lakini mtoto hasubiri. Anasoma bango lililo ukutani kliniki, anaona wanaokaa kwenye benchi lile, anasikia majirani, kisha anajenga jibu lake mwenyewe, na mara nyingi jibu hilo ni baya kuliko ukweli. Miongoni mwa wanaoacha dawa wakiwa na miaka 13 au 14 wamo walioambiwa kwa miaka yote kwamba ni dawa za kifua.

Anza pale anapouliza. Mtoto wa miaka sita aliyekaa jikoni akiangalia kikombe chake anasema, "Bibi, mbona Kaka hanywi dawa?" Usimfokee wala usimtume maji. Mjibu: "Kwenye damu yako kuna mdudu mdogo, mjukuu wangu. Dawa hii inamlaza. Tukisahau, anaamka." Maneno hayo ni ya kweli, kwani kufubaza ndiko huko kulaza, na hutalazimika kuyafuta baadaye. Akiwa na miaka minane au tisa, mweleze kuhusu askari walio katika damu na jinsi mdudu anavyowashambulia. Akikaribia kumaliza shule ya msingi, mpe jina lenyewe, VVU, na umweleze kwamba alivipata kwa mama yake akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kunyonya. Sehemu hii isipite haraka. Mtoto atauliza kama mama alijua, na kama hujui, sema hujui. Asiachwe akimchukia marehemu, wala asidhani kuwa yeye ndiye aliyemuua. Muuguzi wa CTC anaweza kukaa nanyi siku hiyo ukimwomba mapema.

Akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU nchini Uganda, walieneza desturi ya kuandika kitabu cha kumbukumbu: picha, jina la kijiji, nani alimpa mtoto jina na kwa nini, mama alipenda wimbo gani. Mzazi akiwa amekwisha kufariki, andika wewe, katika daftari la kawaida la shule.

Shule

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi na kulinda siri ya majibu, na hakuna shule yenye haki ya kudai kipimo ili impokee mwanafunzi. Kwa shule ya kutwa si lazima mtu yeyote aambiwe. Bweni ni jambo jingine: pale vidonge hufichwa ndani ya soksi, humezwa gizani au havimezwi kabisa. Mtafute mwalimu mmoja au matroni unayemwamini, na mtoto mwenyewe akubali ni nani.

Kibanja

Kwa Wahaya, shamba la migomba na kahawa ndilo makaburi ya wazazi, chakula cha leo na ada ya kesho, na ndilo linalogombewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Hata hivyo, sheria haitembei yenyewe hadi kijijini. Itisheni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kusainiwa, kisha msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, huku majina ya watoto wote yakiorodheshwa, wasichana wakiwemo. Anayedai kuwa binti hana sauti juu ya ardhi ya ukoo akumbushwe hukumu ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, iliyotokana na shauri la Kagera hiyo hiyo, iliyoipinga mila hiyo kwa kutegemea Katiba. Mlezi hana mamlaka ya kuuza kibanja kwa sababu tu ndiye anayemlisha mtoto.

Bibi mwenyewe pia hula. Uliza kwa mtendaji wa kijiji kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kwa afisa ustawi wa jamii kuhusu mashirika ya karibu. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo.

Kukabidhi kadi

Kuanzia miaka 12 hivi, mwachie mtoto kadi aishike mwenyewe na ahesabu vidonge vyake kila Jumapili, wewe ukitazama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mlezi, na kliniki nyingi zina siku ya vijana. Siku hiyo msindikize, kisha mwite muuguzi amchukue peke yake, nawe ubaki nje kwenye benchi na begi lake mapajani, hata kama atakawia.